Rangi ya Soring

Consorcia Ilao, ambaye kijiji kizima cha Malapad humwita Soring, alifika umri wa miaka sitini na saba bila kushinda mchezo hata mmoja. Wala hakuwahi kushindwa. Tangu utotoni ndiye aliyeendesha michezo ya ukoo wa Dimaano kila Desemba thelathini, kwenye uwanja wa nyumba kubwa iliyo chini ya mashamba ya kahawa, na mwenye kuendesha mchezo hachezi.

Siku hiyo ukoo hurudi nyumbani. Wengine hutoka Manila, wengine hutoka Dubai, wengine hutoka ng'ambo ya kijito tu. Nguruwe mzima huzungushwa juu ya makaa tangu alfajiri, tambi hujaa masinia, kahawa nzito ya barako huchemka kwenye birika lisilopoa. Na kabla ya chakula cha mchana, watu wazima na watoto wao huvua saa, huvua miwani, hucheza mpaka jasho liwatoke. Hakuna anayeona aibu kuanguka. Aibu ni kukaa kwenye kiti ukisema mgongo unauma.

Soring alikuwa na vifaa viwili, upawa na kifuniko cha sufuria, na juu ya hivyo alikuwa na sauti. Mwili wake ulikuwa mdogo, lakini sauti yake ilifika ng'ambo ya kijito na kurudi. Alisimama kwenye ngazi ya jikoni akaita, "Boti inazama! Shikaneni watano watano!" Watu wakakimbizana, wakakumbatiana na yeyote aliyekuwa karibu, wakahesabiana vichwa. Aliyekosa kundi alikuwa amezama. Kwenye sherehe za watu wengine, aliyezama hutoka akaenda kula karanga pembeni. Kwa Soring hakutoka mtu. "Wewe uliyezama, njoo ushike kamba hii. Wewe utakuwa macho yangu upande ule. Wewe mpelekee babu maji kisha urudi." Kadiri boti ilivyozama ndivyo kazi zilivyoongezeka, na mwisho wa mchezo wote waliozama walishika kamba wakawavuta waliobaki mpaka ukutani, na hapo ndipo mchezo ulipohesabika kuwa umekwisha.

Namba alizozitaja hazikuwa za bahati. Alitazama nani amesimama wapi na nani anamkwepa nani, akangoja kidogo, ndipo akataja. Mwaka ambao Felimon na mdogo wake Teofilo walikuwa hawasemezani kwa ajili ya mpaka wa mibuni, Soring aliwatupa kwenye gazeti moja. Ngoma ya gazeti ni rahisi. Muziki unalia, mnalizunguka mkicheza. Muziki ukikatika, mnapanda juu yake, na asiwepo wa kugusa udongo. Kila duru gazeti linakunjwa nusu. Lilipobaki kama sahani, Felimon, mwanamume mrefu mwenye heshima zake, alilazimika kumbeba mgongoni mdogo wake aliyekuwa mnene. Walianguka wote wawili. Ukoo ulicheka mpaka mbwa wakaanza kubweka. Ndugu hao hawakupatana pale. Lakini jioni walisikika jikoni wakibishana nani aliyeyumba kwanza, na kwa miezi saba hawakuwa wamebishana juu ya lolote.

Jinsi Soring alivyoingia katika ukoo huo ni habari fupi. Mama yake alikuwa mchuma kahawa wa msimu. Msimu mmoja alipata kazi ya kufua nguo Manila, akamwacha mtoto kwa Ambrosia Dimaano, mwenye shamba, akisema atarudi kabla ya Krismasi. Hakusema Krismasi ya mwaka gani. Ambrosia hakuuliza mengi. Aliongeza sahani mezani, akamlaza mtoto kwenye mkeka wa Herminia, kitinda mimba wake, ambaye alikuwa rika moja na mgeni. Karatasi hazikuandikwa. Soring alibaki na jina la Ilao. Alisoma shule moja na Herminia, aliwaita wakubwa wa Herminia, Felimon na Gliceria, Kuya na Ate, yaani kaka na dada, alivaa magauni yaliyombana Gliceria, na aliosha vyombo mara nyingi kuliko wengine ingawa hakuna aliyemwamuru. Wageni wasipokuwepo alimwita Ambrosia "Mama". Wageni wakifika alimwita "Aling Ambrosia", kama walivyomwita wachuma kahawa. Hakufundishwa wakati wa kubadilisha. Alijua, kama mtu anavyojua kuvua viatu mlangoni.

Desemba moja watoto wa ukoo walipangwa wawili wawili, wafungwe mguu kwa mguu wakimbie. Soring akabaki. Ambrosia, mikono imejaa unga wa mchele, alimtazama, akachukua upawa na kifuniko, akampa.

"Usilie. Gonga hiki, wakimbie. Gonga tena, wasimame."

Soring hakuwa analia. Aligonga.

Ndivyo ilivyoanza, na ndivyo ilivyoendelea baada ya Ambrosia kufa na watoto wake wanne, Felimon, Gliceria, Teofilo na Herminia, kujenga nyumba zao na kuzijaza. Soring alibaki kwenye nyumba kubwa, akiitunza. Hakuolewa. Aliwahi kuposwa na fundi wa redio kutoka Lipa, akasema atafikiria, na fundi akachoka kungoja. Watoto wa nyumba zote nne walimwita Tita, yaani shangazi, na wajukuu wakamwita Lola, yaani bibi, na kila mmoja alimwona ni wa wote, maana yake hakuna aliyewahi kukaa akafikiri ni wa nani.

Kisha rovu likamvimba shingoni. Walimpasua mwezi wa tano. Daktari alisema sauti huenda ikarudi, na kweli ilirudi, nusu. Akizungumza, ilikuwa kama mtu anayeburuta kiti kwenye sakafu huku akijaribu asiwaamshe waliolala. Kupaza hakuweza kabisa.

Mwezi wa kumi na moja alikuja Rowelyn, binti wa Gliceria. Rowelyn ndiye aliyepanga mambo ya ukoo. Alizungumza huku akiandika kwenye simu.

"Tita, mwaka huu upumzike. Tumekodi mshereheshaji kutoka mjini. Ana spika kubwa, ana taa, ana kila kitu."

"Taa za nini saa nne asubuhi?"

"Zinakuja pamoja na spika, Tita. Haziachanishwi."

"Na mimi?"

"Wewe utakaa, utakula, utacheza kama sisi wote. Hujachoka kutupigia kelele?"

Akaeleza yaliyobaki. Mshereheshaji alitaka makundi, kwa hiyo kila nyumba itavaa fulana za rangi yake. Nyumba ya Felimon kijani, ya Gliceria nyekundu, ya Teofilo njano, ya Herminia bluu. Kifuani jina la mwenye nyumba, mgongoni DIMAANO kwa herufi kubwa. Hakusema Soring ni rangi gani. Soring hakuuliza.

Lakini swali lilibaki naye, akilala nalo, akifagia nalo. Mwenye upawa hahitaji kundi. Makundi yote yanamtazama yeye. Sasa upawa umekwenda kwa mtu mwingine. Siku hiyo uwanjani kutakuwa na wenye rangi na wasio na rangi, na wasio na rangi watakuwa mshereheshaji, mchoma nguruwe na dereva wa basi la kukodi. Soring alitaka kujua atasimama na kina nani.

Jibu la kwanza lilikuja na Felimon. Alikuwa karibu kutimiza miaka themanini na alitembea kwa mkongojo, lakini alikuja mwenyewe, na mfuko wa plastiki mkononi.

"Hii yako," alisema. "Ukubwa wa kati. Usiwaambie wengine, watasema najipendekeza."

Ilikuwa ya kijani. Soring aliikunjua, akaikunja, akamshukuru.

Kesho yake akarudi Rowelyn, safari hii bila kuandika kwenye simu. "Tita, nisamehe, ilinipita kabisa. Wewe ni wetu. Mama anasema tangu utotoni umevaa nguo zake, utavaaje za mtu mwingine leo? Ila usitangaze, Tita Herminia atanuna." Nyekundu.

Na siku mbili kabla ya sherehe Herminia mwenyewe aliingia kwa mlango wa jikoni, akatupa kifurushi juu ya meza.

"Chukua. Sisi tumelala mkeka mmoja, utavaa rangi ya nani nyingine?"

"Herminia, ngoja..."

"Usinishukuru, nina wali wa majani jikoni kwangu utaungua." Akaondoka. Bluu.

Kutoka nyumba ya Teofilo hakikuja kitu. Teofilo alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mjane wake, Benilda, aliuza supu ya tambi sokoni Rosario na hakuwa mtu wa kuzungukia majumba ya watu.

Usiku ule Soring alizijaribu zote tatu mbele ya kioo cha Ambrosia. Alijigeuza aone mgongo. Jina lilionekana kinyumenyume, lakini alilisoma. Halikuwahi kukaa mgongoni mwake, wala mahali pengine popote juu yake. Akavua bluu, akavaa nyekundu. Akavua nyekundu, akavaa kijani. Kumkataa Felimon ni kumkataa mkubwa wa nyumba, aliyekuja kwa mkongojo. Kumkataa Gliceria, ambaye sasa hakuinuka kwenye kiti cha magurudumu, ni kumwambia kwamba magauni yake yalisahauliwa. Na kumkataa Herminia hakukuwa na jina. Watatu walimtaka, na hilo lilikuwa gumu kuliko kutotakwa na yeyote, kwa sababu asiyetakwa hadaiwi jibu.

Siku yenyewe ilipofika alivaa gauni lake la nyumbani la maua, akafunga aproni, akaingia jikoni kabla ya jua. Aliamua kuwa na kazi nyingi.

Herminia alimkuta hapo, yeye mwenyewe bluu tupu kuanzia shingoni mpaka kofia.

"Fulana iko wapi?"

"Itapata mafuta."

"Ndiyo kazi ya fulana. Kavae."

Soring aliendelea kumenya kitunguu.

"Imekubana?"

"Haijanibana."

"Basi nini? Bluu inakufanya mweusi?"

"Herminia, ninazo tatu."

"Tatu nini?"

"Fulana. Ya Kuya Felimon, ya Ate Gliceria, na yako."

Herminia aliweka sinia chini. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia. "We! Umegeuka duka la mitumba?" Kisha akaelewa. "Wanafiki wakubwa. Kila mmoja kaja kwa kunyata."

"Na wewe ulikuja na tarumbeta?"

"Mimi nilipita mlango wa jikoni!"

"Ndio huo wa kunyata."

"Vaa yangu. Wakinuna, wanune."

"Kuya Felimon akinuna mwaka huu, nani anajua kama atapata muda wa kunisamehe?"

"Kwa hiyo utakaa humu na vitunguu vyako?"

"Vitunguu havina rangi."

"Vina. Hivyo ni vyekundu," Herminia alisema, akabeba sinia lake akatoka, na mgongo wake ulionyesha kwamba tayari amenuna.

Mshereheshaji aliitwa Zandro, kijana mwenye koti la kumeremeta ambalo lazima lilimchoma kwenye jua lile. Hakuwa mbaya. Alijua kuchekesha, na alijua kuufunga mchezo kabla watu hawajauchoka. Soring alimtazama kutoka ngazi ya jikoni, kijiko mkononi. Alichokiona ni kwamba kwa Zandro aliyezama alitoka kweli. Kufika saa tano, nusu ya uwanja ilikuwa imekaa kwenye viti ikitazama simu. Na kila nyumba ilijishangilia yenyewe na kuzizomea zile tatu. Ilikuwa furaha, hakuna ubishi, ila ilikuwa furaha nne.

Kisha Zandro akatangaza mstari mrefu. Mchezo huo kila mtu Malapad anaujua. Kundi linashikana mikono, linajinyoosha mpaka mabega yalie, halafu kila kilicho mwilini kinaongezwa mwishoni, kimoja kikigusa kingine: mkanda, kofia, viatu, taulo la begani, cheni ya shingoni, hata meno ya bandia, kama mwenyewe hana kiburi. Mstari mrefu kuliko yote ndio unaoshinda.

"Kumi na wawili kila rangi!" Zandro aliita. "Si kumi na watatu, si kumi na mmoja!"

Kijani, nyekundu na bluu walikuwa wengi. Walilazimika kuchaguana na kusukumana. Njano walijihesabu, wakajihesabu tena.

"Njano mko kumi na mmoja," alisema Zandro.

"Kumi na wawili," alisema Benilda. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono minene ya mtu anayeinua masufuria, na alionyesha kiti cha mbele chini ya turubai lao. Juu ya kiti kile walikuwa wametandaza fulana ya njano isiyo na mtu, kubwa, TEOFILO kifuani. Waliichapisha pamoja na zao. "Huyo hapo wa kumi na mbili."

Zandro alivua kofia. "Mama, namheshimu marehemu. Lakini mikono ya kushika hana."

"Basi kila rangi ipunguze mmoja."

"Aa, wapi!" walipiga kelele nyekundu. "Tumeshavua viatu!"

"Njano wacheze pungufu!"

"Pungufu mwenyewe!" Benilda aliwajibu.

Zandro alitazama huku na huku kama mtu anayetafuta mlango, na macho yake yakatua jikoni. "Kuna bibi pale ngazini, mwenye aproni. Lola! Wewe ni rangi gani?"

Spika zilikuwa kubwa kama Rowelyn alivyosema. Swali lilifika mpaka kwenye mibuni.

Felimon aliinua mkongojo wake kidogo, kama anayemwonyesha njia. Gliceria aliinua kidevu kwenye kiti chake. Herminia alifunga mikono kifuani. Kisha Felimon alimwona Gliceria, Gliceria akamwona Herminia, na wote watatu wakatambua kwa pamoja kilichokuwa kimefanyika, na hakuna aliyejua atazame wapi.

Kama Soring angekuwa na sauti yake, angesema neno la kuchekesha na yangepita. Hakuwa nayo. Alishuka ngazi akifuta mikono kwenye aproni. Alivuka uwanja kama alivyozoea kuuvuka katikati ya michezo, akitazama mistari, akihesabu. Kumi na wawili. Kumi na wawili. Kumi na wawili. Kumi na mmoja. Alisimama mbele ya Benilda.

"Mmepungukiwa," alisema.

Benilda alimtazama kuanzia kichwani mpaka kandambili. "Huna fulana."

"Sina."

"Sikukutengenezea. Sikukumbuka, nisikudanganye. Nilidhani kina Herminia watakupa."

"Wamenipa."

"Sasa mbona umekuja huku?"

"Wao wametimia."

Benilda alifikiri kwa muda ule anaofikiri mteja akimwomba nyongeza ya supu. Kisha alikwenda kwenye kiti, akaichukua fulana ya mumewe, akaikung'uta.

"Alikuwa mpana. Itakuwa gauni. Vaa juu ya hilo lako. Na hiyo aproni uivue... hapana, iache, iache! Ina kamba ndefu. Tutaihitaji."

Soring aliinua mikono, na Benilda akamvika kwa nguvu, kama anavyovikwa mtoto aliyechelewa shule. Fulana ilimfika magotini. Mikono ya fulana ilimfika viganjani. Kutoka upande wa bluu sauti ya Herminia ilisikika, "Kituko!" lakini haikuwa sauti ya mtu aliyenuna tena, au kama ilikuwa, ilikuwa imechanganyika.

Walimweka kati ya mkwe wa Benilda na mjukuu wake wa kike, Aya. Mkwe alikuwa na kiganja kigumu. Cha Aya kilikuwa na sukari. Zandro akahesabu mpaka tatu.

Kila kitu cha mchezo ule Soring alikijua. Alijua kwamba anayejinyoosha sana mapema huchoka mapema. Alijua kwamba mikanda hutangulia na kofia hufuata. Kitu kimoja tu hakukijua, namna ya kuwa ndani yake. Watu wa njano walitazama mstari wao. Yeye alitazama uwanja. Hakujua kwamba anautazama. Macho yake yalikwenda yenyewe, kutoka mstari hadi mstari, yakitafuta palipolegea, na kwenye mstari wa kijani yalimkuta Felimon. Mzee alikuwa mwisho kabisa wa kundi lake, ameinama nusu, akipapasa kamba za viatu vyake asizozifikia. Watu wake walikuwa mbali wakivuana mikanda. Hakuna aliyemwona.

Soring aliachia kiganja kigumu, akaachia kiganja cha sukari. Hatua chache, akapiga magoti, akafungua kamba, akavuta kiatu, akakiweka kwenye ncha ya mstari wa kijani, kisigino kikigusa kofia, akakipigapiga kidogo kikae vizuri. Kisha akarudi mbio mahali pake, akashika viganja vyote viwili, mstari ukaungana, na Zandro akapuliza filimbi.

Alipima kwa utepe mrefu wa fundi ujenzi, huku watu wakimfuata wakibishana kila hatua. Bluu walikuwa wa mwisho. Nyekundu wa tatu. Zilibaki rangi mbili, na Benilda aliinama juu ya utepe, kwa sababu nyumba ya Teofilo, iliyo ndogo kuliko zote, haikuwahi kuwa karibu hivi na ushindi wowote. Zandro alipima njano. Akapima kijani. Akarudi kupima njano tena.

"Kijani!" alipaza. "Kijani wamewapita njano kwa... kwa kiatu! Kwa kiatu kimoja, mabibi na mabwana!"

"Kiatu cha nani?" aliuliza Benilda.

"Changu," alisema Felimon kwa furaha kubwa, amesimama kwa soksi moja. "Soring kanivua. Asante sana, Soring!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Watu waliokuwa kwenye viti waliinuka. Gliceria alicheka mpaka Rowelyn akamletea maji. Aya, ambaye hakucheka, alinyoosha kidole. "Na aproni bado kaivaa."

Ni kweli. Ilikuwa bado imefungwa kiunoni, chini ya fulana ile pana, kamba zake ndefu zikining'inia nyuma. Hakuna aliyeikumbuka, wala yeye.

"Soring!" Benilda alikuwa mwekundu kwa hasira. "Soring Ilao! Nimekuvika nguo ya mume wangu, halafu unamvua viatu Felimon? Watu wote hawa, unamvua Felimon?"

"Alikuwa hafiki chini."

"Asifike! Ndiyo mchezo wenyewe, asifike! Mtu anakaa kwenye mstari wake! Mama yako hakukufundisha kukaa kwenye mstari wako?"

Maishani mwa Soring watu walimsifu, walimshukuru, walimwambia apumzike, walimletea zawadi kwa mlango wa nyuma. Hakukumbuka mtu kumfokea mbele ya ukoo kwa kuwapotezea mchezo.

"Hakunifundisha," alisema. "Nilikuwa nagonga kifuniko."

"Basi!" alisema Benilda, kama ambaye sasa kila kitu kimemwelea. "Basi ndiyo maana."

Chakula cha mchana Soring alikula chini ya turubai la njano. Benilda alimjazia sahani bila kuacha kusema. Kila aliyepita alisimuliwa upya, shemeji, mkwe, hata mchoma nguruwe: "Mtu wetu mwenyewe! Si adui, mtu wetu! Katuuza kwa kiatu!" Na kila alipofika kwenye kiatu, kiatu kilikuwa kimekua.

Herminia alikuja na sahani yake akasimama mbele yao. "Ndiyo hawa ulionikatalia?"

"Nyie mlitimia."

"Mwakani tutapunguza mtu makusudi."

"Hatumtoi," alisema Benilda, mdomo umejaa. "Kwanza tumfundishe kucheza."

"Benilda, mtu umekaa naye saa moja tu umeshaanza kumfundisha? Mimi nina miaka sitini naye, hafundishiki."

"Kiatu chenyewe kilikuwa kidogo," alisema Soring.

"Kidogo!" Benilda alitua uma. "Mguu wa Felimon ni kama ubao wa kufulia! Aya, mwambie Lola wako kiatu kilikuwa na ukubwa gani."

Aya alipima kwa mikono, akaiachanisha, akaiachanisha zaidi.

"Unaona?" alisema Benilda.

"Na nyinyi mlisahau aproni," alisema Soring, na sauti yake ilikwaruza ikapanda kidogo kuliko alivyotegemea. "Kumi na mmoja mlikuwa na macho. Kamba inaning'inia, hakuna aliyeiona."

"Ulikuwa umeivaa wewe!"

"Mgongoni! Nina macho mgongoni?"

Walibishana hivyo mpaka tambi zikapoa. Herminia alisikiliza kidogo, akavuta kiti, akakaa, bluu peke yake katikati ya njano, akaanza kuchukua nyama kwenye sahani ya Soring kama alivyofanya siku zote.

Zandro akarudi kwenye kipaza sauti. Akaita mchezo wa kupokezana ndimu kwa vijiko, kila rangi kumi na wawili, vijiko mdomoni, mikono nyuma. Benilda alijifuta midomo, akamshika Soring kifundo cha mkono kama anavyoshikwa mtoto wakati wa kuvuka barabara.

"Safari hii usimtazame mtu. Umesikia? Tazama ndimu."

"Nimesikia."

Wakatoka juani. Soring aliweka kijiko kati ya meno, mikono nyuma, fulana ikimpepea magotini. Ndimu ilikuwa bado mbali, kwa mkwe. Alivumilia kuitazama kwa muda. Kisha macho yakaanza kwenda.

"Soring!" alifoka Benilda, kijiko mdomoni.

Akayarudisha.